Jina la Kudekeza: Je, Lamfaa Binti Akiwa Mtu Mzima?

Somo la mwezi kwa wazazi, wainjilisti na walimu wa ubatizo

Yasomwe kwanza: Mithali 22:1, 2 Samweli 12:24-25, Matendo ya Mitume 18:24-26.



Wazazi waletapo mtoto wao kuandikishwa kwa ubatizo, swali la kwanza ni jepesi: Jina lake nani? Zamani jibu nalo lilikuwa jepesi. Siku hizi, katika sharika za Mbeya na za Iringa, mara kwa mara wazazi wa mtoto wa kike hujibu: Bebi. Wengine husema Kadogo, au Katoto, au Kipusa, au Doli, maana yake mwanasesere. Mwinjilisti akiuliza kama hilo ni jina la nyumbani tu, wao husema, La, ndilo jina lake, nasi twataka liandikwe.

Je, yafaa? Wako wasemao kwamba jina ni sauti tu, wala halimzuii mtu. Wako na wasemao kwamba wazazi hao wakemewe. Sisi tulitazame jambo hili polepole, kwa maana jina ni kitu cha kwanza ambacho mtoto hupewa na wazazi wake, tena ni kitu cha mwisho kusomwa juu ya kaburi lake.

1. Upendo huzaa majina madogo

Kwanza yatupasa kukiri kwamba jina la kudekeza si dhambi. Ni tunda la upendo. Lugha zetu zenyewe zimeumbwa hivyo. Mnyakyusa na Mhehe wote wana ile silabi "ka" ya kukipunguza kitu, na mama akimbembeleza mtoto huitumia bila kufikiri. Wajerumani nao wana desturi hiyo, ila wao hukitia kipande chao mwishoni mwa neno. Dkt. Martin Luther alikuwa na binti jina lake Magdalena, naye alimwita Lenchen, maana yake kama Kalena. Mkewe Katharina alimwita Käthe. Lenchen alikufa mwaka 1542, akiwa na miaka 13, na baba yake alimlilia sana.

Wala si wanadamu tu. Tumesoma habari za Sulemani. Wazazi wake walimwita Sulemani, lakini Bwana, kwa mkono wa nabii Nathani, alimpa jina la pili, Yedidia, yaani mpendwa wa Bwana. Tazameni basi: Mungu mwenyewe alimpa mtoto mchanga jina la mapenzi. Lakini aliketi katika kiti cha enzi kwa jina gani? Kwa jina la Sulemani. Jina la Yedidia halikufutwa, wala halikupelekwa barazani. Majina mawili, kila moja na mahali pake. Fundisho hili tulishike, maana tutalirudia.

2. Jina dogo laweza kubeba mtu mkubwa

Pili, tusiseme kwamba kila jina lililokatwa au kupunguzwa halimfai mtu mzima. Ushuhuda uko mwingi kinyume chake.

Katika Matendo ya Mitume, Luka amtaja mke wa Akila kwa jina la Priskila. Paulo, katika salamu za Waraka kwa Warumi 16:3, amwita Priska. Ni mama yule yule. Priska ndilo jina lenyewe. Priskila ni lile lile lililopunguzwa kwa desturi ya Kirumi, kana kwamba tungesema Kapriska. Na huyu mwenye jina la utoto alifanya nini? Yeye na mumewe walimchukua Apolo, mtu hodari katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mwalimu wa mwalimu!

Tena yuko Tabitha wa Yafa (Matendo 9:36), ambaye jina lake ni paa, mnyama mzuri wa porini. Ni jina ambalo baba angempa binti mdogo mwenye macho mazuri. Lakini wajane walipomlilia hawakuyalilia macho yake. Walionyesha nguo alizowashonea.

Hata hapa kwetu tuna mfano. Jina lijulikanalo kuliko yote katika nchi ya Iringa, Mkwawa, ni mkato wa jina refu, Mkwavinyika. Hakuna aliyemdharau kwa sababu jina lake lilikatwa. Na katika siku zetu, binti wa Tukuyu aitwaye Tulia, neno ambalo kila mama humwambia mtoto aliaye, alichaguliwa mwaka 2022 kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Neno la kubembelezea likawa jina la kuamuru Bunge zima litulie.

3. Basi shida iko wapi?

Shida haiko katika udogo wa jina. Iko katika lile linalosemwa na jina. Majina kama Priskila, Pendo, Tulia na Tabitha yanasema neno ambalo mtu mzima naye aweza kulibeba: upendo, utulivu, uzuri wa kiumbe cha Mungu. Lakini Bebi, Katoto na Kadogo yanasema jambo moja tu, kwamba mwenye jina ni mtoto; na jambo hilo litakoma kuwa kweli. Doli ni vibaya zaidi, kwa maana doli huchezewa, kisha huwekwa pembeni. Wazazi hawakukusudia hivyo; walimwona mzuri, wakasema waliloliona. Lakini jina husikiwa na wasiompenda pia.

Nabii Yeremia alipoitwa alijitetea kwamba yeye ni mtoto tu. Bwana akamkataza kusema hivyo, akampa kazi (Yeremia 1:6-7). Je, si vigumu kwa binti kulitii neno hilo, ikiwa kila aitwapo jina lake humkumbusha kwamba ni mtoto? Tuseme amekuwa mwalimu mkuu, au muuguzi, au mzee wa kanisa. Anasimama mbele ya baraza kutoa neno zito, na mwenyekiti amtangaza: Sasa tumsikilize Bebi. Watu hutabasamu kabla hajafungua kinywa. Atashinda, akiwa hodari. Lakini kwa nini wazazi wamtwike mzigo huo mtoto asiyeweza kukataa?

Wengine hujibu kwamba kwetu mwanamke mzima haitwi kwa jina lake. Huitwa Mama Fulani kwa jina la mtoto wake. Ni kweli, na ni heshima nzuri. Lakini desturi hiyo hiyo huzidisha jambo. Mama aliyemzaa Bebi ataitwa Mama Bebi hata nywele zake ziwe nyeupe. Tena hospitalini, benki, mahakamani na katika matangazo ya msiba, husomwa lile lililoandikwa.

Na siku hizi huandikwa mapema. Mwaka 2013 Serikali ilianza mkoani Mbeya mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti vya kuzaliwa bila malipo, na baadaye mpango huo ukaenea katika mikoa mingine, Iringa ikiwamo. Ni msaada mkubwa, nasi twawahimiza wazazi wasiuache. Lakini zamani jina la kitandani lilipata miaka ya kufa lenyewe kabla ya karatasi yo yote. Sasa jina la juma la kwanza huenda likafuata katika cheti cha shule, katika kitambulisho cha taifa na katika hati ya ndoa. Kulibadili kunataka kiapo, ada, na safari za ofisi.

4. Hekima ya wazee wetu

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine. Mara nyingi walimpa mtoto mchanga jina la bibi yake. Baba akimbeba binti mwenye jina la mama yake mzazi, alimwita Mama, naye mtoto hajaota jino. Walimpa jina la mtu mzima, wakamngojea alijaze. Ndivyo mzazi mwenye busara anunuavyo sare ya shule: huichukua iliyo kubwa kidogo, mtoto akue ndani yake. Asiyefikiri hununua ya kumbana leo, na mwakani imepasuka.

Na Wakristo wa Unyakyusa wamezoea majina ya shukrani kwa lugha yao: Atupele, ametupa; Atuganile, ametupenda; Tusajigwe, tumebarikiwa; Bupe, zawadi; Lusekelo, furaha. Majina haya ni matamu kinywani mwa mama anyonyeshaye, na hayapungui heshima yakisomwa kanisani miaka sabini baadaye. Upendo wote uliomo katika Bebi umo katika Atuganile, tena pamoja na jina la Mpaji.

5. Mashauri

Kwa wazazi: kabla ya kwenda kuandikisha, litamkeni jina hilo mara tatu. Mara ya kwanza kama mnambembeleza mtoto. Mara ya pili mkitanguliza neno Mwalimu au Mchungaji. Mara ya tatu mkitanguliza neno Marehemu. Likisimama mara zote tatu, ni jina jema. Likianguka, litumieni nyumbani kwa furaha, na mtoto apewe jingine la kuandikwa. Hivyo mtafuata mfano wa Sulemani na Yedidia.

Kwa wainjilisti: msiwaaibishe wazazi mbele ya watu, wala msikatae kumwandikisha mtoto kwa ajili ya jina la kudekeza. Ubatizo si wetu. Ulizeni mapema, katika mafundisho ya wazazi, nanyi mtoe mashauri kwa upole.

Kwa washarika wote: wako kati yetu kina mama ambao tayari wana majina haya. Tusiwacheke. Mtu halipati heshima yake kutoka kwa jina. Mara nyingi jina hupata heshima kutoka kwa mtu, kama Priskila alivyolipa lake. Akitaka kulibadili, si dhambi: Yakobo alimwondolea mwanawe jina la Benoni, mwana wa huzuni, akamwita Benyamini (Mwanzo 35:18). Wala habatizwi mara ya pili. Akitaka kulishika, alishike, kwa maana kwa jina hilo aliletwa kwa Kristo, na Bwana humjua.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Sulemani alikuwa na majina mawili. Kila moja lilikuwa na kazi gani?
2. Je, ni majina gani katika lugha yenu yamfaayo mtoto mchanga na bibi mzee pia?
3. Priskila na Tabitha walijulikana kwa matendo gani?
4. Tufanye nini ili mama mwenye jina la utoto asikilizwe katika baraza sawasawa na wengine?

Bwana, aliyetuita kila mtu kwa jina lake, awape wazazi wetu hekima ya kuchagua, na mabinti wetu neema ya kukua.