Uchaguzi wa Vyombo vya Sauti kwa Masikio Yenye Mlio

Somo la kusikiliza si geni nchini mwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio moja. Leo mwalimu wa Bariadi, Maswa au Meatu aweza kuwa na vipindi vya masomo ndani ya simu yake, akaviunganisha na spika ndogo au hedifoni. Yafaa basi tujue vyombo hivi vinamfanyia nini mtu mwenye masikio dhaifu.

Twamzungumzia mwanafunzi, au mwalimu mwenyewe, ambaye masikio yake hupiga filimbi, huvuma au hulia kama nyenje, ilhali nje hakuna kinacholia. Mara nyingi hali hiyo huandamana na upungufu wa kusikia, na wengine huudhika hata kwa sauti za kawaida. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo. Zikifa kwa kelele kubwa hazioti tena. Mkoani Simiyu visababishi haviko mbali: mashine za kuchambulia pamba, spika za harusini, hata kwinini, ambayo wazee waliowahi kuitumia kwa malaria hukumbuka jinsi ilivyovumisha masikio.

Darasani dalili hujificha katika imla. Sauti za s, f na sh hutegemea sana mawimbi membamba ya juu, na hayo ndiyo sikio lililodhuriwa na kelele hupoteza kwanza. Mwalimu hutamka "fika", mtoto huandika "shika"; kosa likirudiwa huitwa mzembe, na pengine huchapwa. Kabla ya kufika huko, mwalimu na asimame nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, amnong'oneze maneno machache, amtake ayarudie. Ni jaribio la dakika mbili na halihitaji chombo chochote.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza sauti. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto asikilize kwa wastani wa desibeli 75 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki, na mtu mzima desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu: mtoto asikilizaye kwa desibeli 78 amebakiwa na saa 20, na kwa 81 ni saa 10 tu.

Tukija kwenye hedifoni, twapendelea zile zinazofunika sikio zima kuliko vipokea sauti vinavyochomekwa ndani. Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Hedifoni iliyozibwa vizuri huzuia kelele za nje, hivyo msikilizaji hahitaji sauti kubwa. Hiyo yafaa mvua inapopiga mabati. Katika chumba kimya, ukimya huo huo huufanya mlio wa sikio usikike zaidi. Hapo hedifoni iliyo wazi kwa nje, ipitishayo mvumo mdogo wa mazingira, humpa nafuu. Tena hedifoni hazilingani: simu moja, kwa kipimo kile kile, huifanya moja inong'one na nyingine ipige kelele. Kwa hiyo sauti ishushwe hadi mwisho kabla ya kuvaa, kisha ipandishwe polepole hadi maneno yaeleweke, na si zaidi. Kipindi chote kisikilizwe kwanza na mwalimu, kwa maana muziki wa ufunguzi mara nyingi huwa mkali kuliko maneno.

Kwa darasa lenye watoto wengi spika hazikwepeki. Spika moja iliyopandishwa sana huwaumiza wa dawati la mbele na kuwafikia wa nyuma ikiwa imechanganyika na mwangwi wa kuta. Spika mbili ndogo, kila moja upande wake, kwa sauti ya wastani, zafaa zaidi. Mtoto mwenye mlio akae mahali anapouona mdomo wa mwalimu, wala si ubavuni mwa spika.

Mlio ukiwa wa sikio moja tu, au ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, mwalimu amshauri mzazi ampeleke mtoto hospitali. Usikivu ukipotea ghafla, safari hiyo isingoje hata siku ya gulio.