Somo la Ujira: Dereva wa Lori na Hesabu ya Saa



Hapa Shirimatunda malori ya barabara ya Arusha husikika usiku kucha, na haipiti wiki asije mzazi kuniuliza kama yafaa kumpeleka mwanawe kujifunza udereva wa magari makubwa. Husema, "Karani, nasikia madereva hodari wamekuwa adimu, basi bila shaka mshahara ni mwingi." Neno la kwanza lina kweli ndani yake. La pili lataka hesabu, na hesabu hiyo ndiyo somo letu.

Dereva wa safari ndefu mara nyingi hupewa mshahara mdogo wa mwezi, na juu yake posho ya safari. Kwa posho hiyo hula njiani na hulipia maegesho, na kinachosalia hukipeleka nyumbani. Tazameni vema: posho hutolewa kwa safari, wala si kwa siku. Toka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na mbele yake uko mpaka wa Kasumbalesa wa kuingilia Kongo. Foleni ya mpakani huweza kulizuia gari siku nyingi. Safari ya siku 10 ikigeuka kuwa ya siku 20, posho ni ile ile, na dereva amezilipia siku 10 kwa tumbo lake.

Basi na tuhesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na zisizidi 9 kwa siku. Mwezi huhesabiwa kuwa wiki 4.333, zidisha kwa 45, utapata karibu saa 195. Tufanye mfano wa dereva aliyeandikwa kwa shilingi 390,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 195: saa moja ni shilingi 2,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000, na saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne. Kwa hiyo dereva aliyefanya saa hizo zote 50 anadai shilingi 150,000 zaidi ya mshahara wake. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi wa darasa la saba hesabu hii. Ni nzuri kuliko zile za matangi ya maji yanayovuja.

Hesabu hii haifanyiki pasipo karatasi. Ndiyo maana mwezi wa Aprili mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini. Chokochoko ilikuwa agizo la kwenda kusoma tena kwa gharama yao kila wanapohuisha leseni, lakini mikataba ya kazi ilikuwa miongoni mwa madai makubwa, na mwezi wa Mei waligoma tena. Wengi walisema ni ukaidi. Mimi sikuona hivyo: mtu anayekabidhiwa gari na shehena za mamilioni, naye hana hata ukurasa mmoja wenye sahihi ya mwajiri wake, ana haki ya kuuliza.

Na uhaba je? Mwaka 2021 Uingereza ilipungukiwa na madereva wa malori hata vituo vya petroli vikakauka, na askari wakatumwa kuendesha magari ya mafuta. Leseni hazikukosekana, watu wengi wenye leseni hizo walikuwa wamekwisha kuiacha kazi kwa sababu ya ujira, na usiku wa kulala barabarani. Serikali yao ilitoa vibali 5,000 vya muda kwa madereva wa nchi nyingine, na waajiri wakapandisha mishahara. Kwa mafundi nako ni vivyo hivyo. Moshi imekuwa na shule ya ufundi tangu mwaka 1957, lakini fundi aliyefunzwa vema akilipwa sawa na kibarua, hafungi virago akaenda kwingine? (Fundi aliyejifunzia gereji pasipo cheti asikate tamaa, VETA hupima ujuzi wa watu kama hao na kuwapa vyeti.)

Sasa niwaeleze habari ya kijana wa jirani yangu. Mama yake aliuza ng'ombe wa maziwa apate fedha za mafunzo na leseni. Kijana akapata kazi ya lori pasipo mkataba. Safari ya tatu, tairi la akiba liliibwa akiwa katika foleni, na mshahara wake wa mwezi mzima ukakatwa. Sheria hairuhusu hivyo. Mwajiri akitaka kukata kwa ajili ya hasara, sharti iwe kwa kosa la mfanyakazi, aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, tena makato yasizidi robo ya ujira. Kwa mshahara wa mfano wetu, robo ni shilingi 97,500.

Alikuja kwangu na kusema, "Shikamoo, baba mdogo, nimechelewa kidogo." Tukahesabu siku: zilikuwa 71. Madai katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupelekwa ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Aliyepitiwa na muda hana budi kuomba kwanza aruhusiwe, akieleza sababu za kuchelewa. Tuliandika ombi hilo usiku ule, mama yake akitushikia taa kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na asubuhi akashuka mjini kulipeleka. Siku hizi anachomelea mageti. Yule mwajiri bado anatafuta dereva.