Miguu wakati wa kipupwe: maswali ya watu wa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, watu wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya huamkia baridi ambayo mkazi wa Dar es Salaam huisikia tu kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwenye uwanda wa Kitulo hushuka sakitu alfajiri, ikaunguza majani ya viazi. Watu huvaa sweta mbili na koti la mtumba, wakajitanda shuka begani, na miguuni wakabaki na ndala. Baridi yenyewe ina madhara, lakini magonjwa mengi ya miguu ya msimu huu huletwa na maji yaliyoachwa kati ya vidole na moto uliosogelewa kwa pupa.

Kwa nini magaga huzidi kipindi hiki?

Nyayo hazina tezi za mafuta. Za jasho zipo, tena nyingi, lakini yale mafuta ya asili yanayolainisha ngozi ya uso huku chini hayapo kabisa. Mvua kubwa zikishapita, upepo mkavu hunyonya unyevu uliobaki. Ukioga maji ya moto sana kwa sabuni ya mche, unaondoa hata ule ulinzi mdogo uliokuwapo. Halafu kuna ndala: huacha kisigino wazi, na kila ukikanyaga, uzito wa mwili hukitandaza pembeni. Ngozi laini ingetanuka, lakini iliyokauka ikawa ngumu hupasuka.

Sasa nifanye nini nayo?

Jioni, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika kumi. Sugua ngozi ngumu taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, usiimalize kwa siku moja. Wembe na kisu viweke mbali, maana ukikata ukapitiliza umebadilisha ufa kuwa jeraha. Kausha, na kabla ngozi haijakauka kabisa paka mafuta mazito ya mgando, kisha vaa soksi safi za pamba ulale nazo. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke, ndiyo maana kuyapaka asubuhi juu ya kisigino kikavu hakusaidii sana. Rudia kila siku. Magaga yaliyojijenga kwa miezi hayaondoki kwa usiku mmoja.

Magaga sugu yana krimu yenye urea, inayouzwa duka la dawa. Kwa kuwa huku kila mkulima ana mfuko wa urea stoo, isemwe wazi: ile ni mbolea, haipakwi mguuni. Krimu imepimwa kwa ajili ya ngozi. Wapo pia wanaoziba nyufa kwa nta ya mshumaa au gundi. Hapo unafungia udongo na vijidudu ndani. Ufa mrefu unaotoa damu, kwa mtu anayekanyaga samadi kila siku, ni mlango wa pepopunda. Kama hukumbuki ulichanjwa lini, ulizia zahanati.

Nalima vinyungu, nashinda kwenye maji. Gambuti zinatosha?

Zinatosha zikiwa nzima na ndani ni kavu. Gambuti iliyotoboka ni mbaya kuliko tunavyodhani, kwa sababu hushika maji ya baridi na kuyakumbatisha mguu kutwa nzima. Mwili ukipoa hubana mishipa ya damu ya miguuni ili joto libaki kwa moyo na ubongo. Mguu ukikaa hivyo saa nyingi, tena umelowa, nyama na mishipa ya fahamu huanza kuumia, hata kama baridi haijafikia ya kugandisha maji. Askari wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, waliugua hivi kwa maelfu ndani ya mahandaki yenye tope ya Ufaransa na Ubelgiji. Dalili ni ganzi, ngozi kupauka na kukunjamana, mguu kuwa mzito kama si wako. Ukipata joto huvimba na kuuma vikali.

Basi toka majini kila baada ya muda, mwaga maji, futa miguu, badili soksi. Beba jozi ya pili kwenye mfuko wa nailoni. Ukipata za sufu, hata za mtumba, ni bora kuliko za pamba kwa kazi hii, kwani sufu hutunza joto hata ikilowa kidogo. Lakini usirundike soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Kiatu kikibana damu haipiti, na mguu usiopata damu haupati joto.

Vidole vyangu huvimba na kuwasha nikishaota moto. Ni mzio?

Mara nyingi si mzio. Mishipa midogo iliyokuwa imebanwa na baridi ikipashwa ghafla hushindwa kurudi sawa, majimaji yakavujia kwenye ngozi. Hutokea vivimbe vinavyowasha na kuchoma, zaidi kwenye ncha na pembeni mwa vidole. Vitabu vingi huvieleza kuwa vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama madoa ya zambarau au weusi uliokolea, na ndiyo sababu wengi hawavitambui. Kwa kawaida hupona vyenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Usivikune wala kuvitumbua. Ukirudi kutoka shambani vua viatu vilivyolowa, futa miguu, ifunike kwa blanketi, ipate joto polepole. Moto uote ukiwa umekaa mbali nao.

Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mama ana kisukari na anapenda kuota moto. Tumkataze?

Msimkataze joto, mkatazeni moto. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu anaweza kuweka mguu pembeni ya jiko, ngozi ikaungua na malengelenge yakatoka, naye akaendelea na mazungumzo. Chupa ya maji ya moto kitandani ina hatari hiyohiyo. Maji ya kuoshea miguu ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, wala asiiloweke miguu ndani muda mrefu. Asitembee peku, hata ndani. Kabla ya kuvaa kiatu akikung'ute na kupapasa ndani, maana kokoto dogo likikaa siku nzima linatosha kuanzisha kidonda.

Kila jioni mjukuu mwenye macho mazuri amkague: nyayo, visigino, kati ya vidole. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Kutouma kwake ndiko kunakotisha.

Watoto wa shule wanawashwa kati ya vidole.

Hizo aghalabu ni fangasi, na hupenda kidole kidogo na jirani yake: ngozi huwa nyeupe, inalowana, inanuka, inachanika. Chanzo kikubwa ni kiatu kinachovaliwa kabla hakijakauka. Usiku toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, weka penye hewa. Mtoto afundishwe kukausha kati ya vidole kwa kitambaa chake mwenyewe, na yale mafuta ya mgando yasifike huko. Krimu ya clotrimazole hutibu vizuri, ila watu huiacha siku ya tatu muwasho ukipungua. Endelea kwa muda ulioandikwa, kwa kawaida wiki mbili hadi nne.

Na funza?

Huongezeka kiangazi, vumbi likikolea kwenye nyumba za sakafu ya udongo. Mwagia sakafu maji na kuifagia, na watoto wavae viatu vya kufunika. Pini moja isizungushwe nyumba nzima, kwani hupeleka homa ya ini na hata VVU kutoka mguu hadi mguu.

Lini niende hospitali siku hiyohiyo?

Mguu mmoja ukiwa wa baridi na umepauka ghafla, unauma, na mwingine ni mzima: usiusugue wala kuuweka motoni, nenda. Vivyo hivyo kama kidole kinageuka cheusi, kidonda kinatoa usaha na homa juu, au taya linakaza baada ya jeraha. Magaga, fangasi na vivimbe vya baridi visivyopungua baada ya wiki tatu, zahanati ya kijiji inaviweza.