Ilhamu ya Mshairi

Swali: Bwana Mhariri, wazo la shairi linijialo ghafla nikiwa hapa Kirongwe, Mafia, je, yafaa kuliita wahyi?

Jibu: La, ndugu yangu, wahyi ni wa mitume, na hilo likujialo huitwa ilhamu, ambayo, kwa kadiri nionavyo, haikosi sababu yake, kwani Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake yapata mwaka 1858, alisukumwa na maradhi pamoja na shauku ya kumwachia bintiye wasia, kisha akaitia shauku hiyo katika vina na mizani, kazi isiyofanywa na ilhamu peke yake. Wala usiichanganye na hamasa, ambayo ni ari ya kutenda, na makao yake, aghalabu, ni mikutano ya hadhara.