Kujifunza Uongozi kwa Kusikiliza: Somo kwa Kamati za Skimu

Mkulima wa skimu ana kazi mbili. Ya kwanza ni shamba lake. Ya pili, ambayo wengi hawakufundishwa na mtu, ni kukaa katika kamati: kamati ya maziwa, kamati ya maji, kamati ya josho, kamati ya shule. Tangu skimu za makazi zilipofunguliwa miaka ya 1960, na watu waliotoka pande mbalimbali wakapewa mashamba yanayopakana, mambo mengi yamekwenda vizuri au vibaya kwa sababu ya watu wachache wanaokaa mezani mbele ya wenzao. Mtu huchaguliwa leo, na kesho hutakiwa aongoze mkutano, asome hesabu na kuamua ugomvi wa mpaka wa bomba. Mwezi huu twaeleza njia moja ya kujifunza kazi hiyo, isiyotaka darasa wala karo, nayo ni kusikiliza podikasti.

Podikasti ni kipindi cha maneno kama vile vya redio, kilichorekodiwa na kuwekwa katika intaneti. Ukishakiteremsha katika simu yako hukaa humo mpaka utakapokifuta mwenyewe, na waweza kumpelekea jirani bila gharama. Neno lenyewe ni geni. Lilitokea mwaka 2004 katika gazeti la Guardian la Uingereza. Lakini faida yake kwa mkulima ni rahisi kuiona. Redio haimngojei mtu: kipindi kikiletwa saa ya kukamua, kimekupita. Podikasti hungoja. Waweza kuisimamisha ukamfukuze ndama aliyeingia katika mahindi, kisha ukarudi ukaanza pale pale ulipoachia. Neno usilolielewa waweza kulisikiliza hata mara tatu, wala hapana atakayekucheka.

Kujifunza kwa masikio si jambo jipya kwa wakulima. Kule Kanada, tangu 1941 mpaka 1965, palikuwa na kipindi cha redio kilichoitwa National Farm Radio Forum. Jumatatu jioni, wakati wa baridi, majirani walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao. Walisoma karatasi iliyoletwa kwa posta, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana juu ya maswali waliyopewa, na mwandishi wao akapeleka majibu yao ofisini. Mwaka 1956 Redio ya India, ikisaidiwa na UNESCO, ilijaribu jambo kama hilo katika vijiji 150 vya upande wa Poona. Vilitolewa vipindi 20 vya nusu saa, na kila kijiji kilikuwa na kikundi cha watu wapatao 20 chenye mwenyekiti wake. Wataalamu waliovipima vijiji hivyo waliona jambo ambalo nataka kila mwana-kamati alikumbuke. Palipokuwa na kikundi cha kuzungumza baada ya kipindi, watu walijifunza mengi. Palipokuwa na redio tu, bila kikundi, walijifunza kidogo sana.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya vivyo hivyo mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio na kusoma kitabu kidogo, kisha wakachukua majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Viongozi wa vikundi walikuwa wamefunzwa kwanza namna ya kuongoza mazungumzo.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hilo kwa njia ya aibu. Nilipochaguliwa kuwa mwandishi wa kikundi chetu cha maziwa, nilijiona nimeiva, kwa kuwa nilisomea ualimu na sasa ni karani katika ofisi ya kilimo. Kila siku katika matatu, kwenda kazini na kurudi, nilisikiliza podikasti za uongozi. Nilisikiliza nyingi mno. Katika mkutano wetu wa tatu nilisimama nikazungumza karibu dakika 40 juu ya maono, shabaha na moyo wa kujituma. Nilipokaa, mama mmoja mzee aliinua mkono.

"Mwalimu, hayo uliyosema ni mazuri," alisema. "Lakini mbona maziwa yangu ya tarehe 10 hayakuandikwa?"

Nilimjibu kwamba tutalitazama. Hilo ndilo jibu la kiongozi asiyesikia. Kumbe kulikuwa na kosa la kunakili kutoka daftari la mizani kwenda katika daftari la malipo, na lilikuwa limewagusa watu wengi si yeye peke yake. Kabla hatujaligundua, wanachama tisa walikuwa wamekwisha kuacha kikundi na kuuza maziwa yao kwa mchuuzi wa barabarani. Tulilipa walichodai, lakini wanne hawakurudi, na gharama ya gari la maziwa ikawaelemea waliobaki. Masikio yangu yalikuwa yamejaa maneno ya watu wa mbali hata nikashindwa kumsikia mama aliyeketi mbele yangu.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni kuchagua. Podikasti nyingi za uongozi ni za Kiingereza, nazo husemwa na watu wa kampuni kubwa za Marekani au Uingereza. Huko mkubwa huajiri na kufukuza. Mwenyekiti wa ushirika si mkubwa wa namna hiyo: amechaguliwa, fedha si zake, na waliomweka waweza kumwondoa katika mkutano mkuu. Akiiga maneno ya bwana wa kampuni ataharibu. Tena, wako wanaozungumza ili wauze kitu, kama vile dawa, mbolea au masomo ya kulipia. Ukisikia kila swali linajibiwa kwa jina la bidhaa moja, jua uko dukani. Na kama msemaji anataja kiasi cha mbegu au dawa kwa ekari, mpelekee Bwana Afisa au Bibi Afisa wa Ugani kwanza. Linalofaa mahali pa joto huenda likaleta hasara katika nyanda za baridi, na kiongozi akishawaambia watu mia jambo la uongo, si rahisi kulirudisha.

Zilizo bora, kwa maoni yangu, ni mazungumzo ya mtu na mtu: mkulima aeleza jinsi ushirika wake ulivyokaribia kufa, na muulizaji amchimba kwa maswali. Hapo msikilizeni zaidi huyo muulizaji kuliko anayejibu. Muulizaji mzuri huuliza swali fupi, kisha hunyamaza. Kazi ya kunyamaza ni ngumu kuliko ya kusema, na ndiyo inayotupungukia katika kamati zetu. Hurudia kwa ufupi alichoambiwa ili kuhakikisha amesikia sawasawa. Akijibiwa kwa kuzungushwa, huuliza tena kwa upole. Mwenyekiti anayejua mambo hayo matatu aweza kuendesha mkutano wa hesabu bila mtu kutupa kiti.

Jambo la pili ni kusikiliza pamoja. Mmoja wa kamati na akiteremshe kipindi mapema, sokoni ambapo mtandao una nguvu, akisikilize peke yake kwanza na kuandika maswali mawili au matatu. Kipindi kisizidi nusu saa, maana watu wamechoka na ng'ombe wangoja. Wakutane watu 10 mpaka 15, si zaidi. Simu peke yake haisikiki vizuri chumbani. Kipaza sauti kidogo cha betri chatosha, na kama hakuna, simu ikiwekwa ndani ya bakuli kavu huongezeka sauti kidogo. (Watoto walinifundisha hilo.) Kama kipindi ni cha Kiingereza, kisimamishwe kila baada ya dakika chache na mmoja aeleze kwa Kiswahili. Msione haya kufanya hivyo. Kueleza maneno ya mwingine kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza, ni zoezi zuri la uongozi.

Kipindi kikifika nusu, kisimamisheni. Ulizeni: "Huyu mkulima yuko taabuni. Sisi tungefanyaje?" Waanze kusema wale wasiozoea kusema, yaani vijana na akina mama, na mwenyekiti awe wa mwisho. Akianza yeye, wengine watamfuata tu, na hamtajua walikuwa na fikira gani. Kisha endeleeni kusikiliza mjue yeye alifanya nini. Mara nyingi mtaona fikira ya hapo chumbani ilikuwa nzuri kuliko yake.

Uongozi wa mazungumzo upokezanwe. Leo huyu, juma lijalo yule, hata asiye na cheo. Kwa njia hiyo kikundi kitapata watu watano au sita wanaoweza kuongoza mkutano, na siku mwenyekiti akiugua au akishindwa uchaguzi, chama hakitasimama. Najua wako wenyeviti wasiopenda shauri hili. Basi wanachama walikumbuke hilo siku ya kura.

Mwisho wa kila mkutano mwandishi aandike jambo moja tu litakalofanyika, nani atalifanya na siku gani. Mkutano unaofuata uanze kwa kulisoma jambo hilo na kuuliza kama limefanyika. Kikundi chetu kilipoanza hivyo, jambo letu la kwanza lilikuwa kubandika ukutani, kila Ijumaa, lita za kila mwanachama kama zilivyoandikwa katika daftari la mizani. Ni karatasi moja na kalamu. Yule mama mzee ndiye aliyeongoza mazungumzo ya juma lile, na hufika kila Ijumaa kuzihakiki lita zake, miwani mkononi.

Zoezi la mwezi huu: chagueni kipindi kimoja cha mazungumzo, mhesabu maswali yote ya muulizaji, na mwandike yale matatu yaliyo mafupi kuliko yote. Kisha yaulizeni maswali hayo katika mkutano wenu ujao wa kamati, mwandike majibu mtakayopata. Mwezi ujao tutaeleza namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano ambazo hata aliyekosa kuja aweza kuzifuata.