Jua Haki Zako: Usisaini kwa Aibu

SWALI: Nina miaka 34, ni keshia Dar es Salaam, mwaka wa nne sasa. Mwaka jana nilipigwa picha ya MRI, daktari akaniambia nina maltipo sklerosisi, yaani MS. Jua likishakuwa kali miguu inakuwa mizito na jicho la kushoto linaona ukungu. Siku moja niliyumba nikamwaga droo ya chenji mbele ya wateja. Mmoja akasema, "Saa nane mchana, mtu keshalewa!" Sasa wenzangu wananong'ona kuwa nimelogwa, na kikombe changu cha chai kimetengwa. Meneja ameniletea barua ya kuacha kazi, imeshachapwa, inangoja saini yangu tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada yangu. La kwanza kabisa: usiisaini. Ukisaini, itasomeka kwamba umeondoka kwa hiari yako, na kuthibitisha kwamba ulishinikizwa ni kazi ngumu.

Hicho kikombe nacho hakina sababu ya kutengwa, kwani MS haiambukizi. Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, ujumbe wa ubongo haufiki sawasawa: mguu unayumba, jicho linafifia, uchovu unakuangusha. Joto huzidisha dalili. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi hugundulika kati ya miaka 20 na 40, umri wa kuchapa kazi. Si pombe, si uchawi, si uvivu.

Usiseme, "Natembea, kwa hiyo sheria ya walemavu hainihusu." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haipimi ulemavu kwa fimbo wala kiti cha magurudumu. Inaangalia kama mtu amepoteza au amepungukiwa nafasi ya kushiriki maisha sawa na wenzake kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Shika hilo la "kijamii": minong'ono inayokufungia njia nayo ina uzito mbele ya sheria.

Kwa Tanzania Bara, una kinga hizi:

1. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Ukitoa ushahidi wa awali, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa hakukubagua.

2. Ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Hata mwajiri akidai afya yako hairuhusu, anatakiwa kwanza apime ukubwa wa tatizo na aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine unayoiweza.

3. Una likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Peleka cheti cha daktari.

4. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya yako ni nyeti. Si habari za kutangazwa dukani.

Sasa andika barua yako. Eleza hali yako kwa ufupi, ambatisha cheti, uombe unachohitaji: kiti cha kukalia, feni, zamu ya asubuhi kabla joto halijapanda. Toa nakala mbili, na yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Uwe pia na daftari: nani alisema nini, tarehe, saa, na nani alikuwepo.

Wakikuachisha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, ujaze fomu namba 1. Chama cha wafanyakazi au wakili anaweza kukusimamia. Hapa ndipo aibu inapowaponza wengi: mtu anajifungia ndani, anakwepa macho ya majirani, na siku zake zinakwisha mlango ungali wazi.

Kesho ukifika kazini, mrudishie meneja barua yake bila saini, umkabidhi na ya kwako.