Maji Yanayokataa Kulowesha, Mafuta Yanayofuata Sumaku

Mvua ikikatika, litazame jani la jimbi nyuma ya nyumba, hapa Mombasa, Likoni au Kisauni. Maji yamekaa juu yake kama shanga. Ukilitikisa yanabiringika, jani linabaki kavu. Mtoto akiuliza kwa nini, msaidie ajionee mwenyewe.

Hatua ya 1. Chuma jani, ulidondoshee maji. Kisha sugua sehemu moja kwa kidole, kwa nguvu, udondoshe tena. Hapo maji yatang'ang'ania, kwa kuwa umeondoa nta na vinundu visivyoonekana kwa macho. Wilhelm Barthlott wa Bonn, Ujerumani, na mwenzake Christoph Neinhuis walivieleza mwaka 1997. Mafundi wetu wa majahazi walikuwa na nusu ya siri hiyo: walipaka deheni, yaani chokaa na shahamu, maji yasipenye ubao. Jani lina nta, na tena lina vinundu.

Hatua ya 2. Hii ndiyo niipendayo zaidi, nayo ifanywe na mtu mzima. Shika mpini wa kijiko cha chuma kwa kitambaa, uingize tumbo lake ndani ya ulimi wa njano wa mshumaa mpaka liwe jeusi tititi. Kiache kipoe, wala usikiguse, masizi hutoka upesi. Dondosha tone moja: linajikunja duara, linakimbia. Sasa kitumbukize polepole kwenye glasi ya maji. Kijiko cheusi kinang'aa kama fedha! Ni hewa iliyonaswa kwenye masizi, inarudisha mwanga. Kitoe, kikavu.

Hatua ya 3. Sasa tugeukie mafuta yanayofuata sumaku. Mwombe fundi wa kuchomelea, Changamwe hawakosekani, unga wa chuma unaoanguka chini ya grainda. Usiukaribishe machoni. Funga sumaku ya spika mbovu kwa karatasi, uuokote unga. Ukiitoa sumaku, unga unaanguka wenyewe. Uchanganye na mafuta ya kupikia kidogo ndani ya chupa ya kioo, upitishe sumaku ubavuni. Mafuta meusi yataifuata, yakisimamisha miiba.

Baadaye unga utatuama, maana chembe zake ni kubwa. Steve Papell wa NASA, aliyetengeneza mafuta ya sumaku mwaka 1963 ili kuvuta fueli ya roketi pasipo na uzito, alizisaga ziwe ndogo mno, akazivika utando zisishikane.

Ukimaliza, mafuta yako meusi yafute kwa gazeti, uyatupe na taka. Usiyamwage mtaroni, mitaro yetu huishia baharini.